Kupauka kwa Plastiki Nyeusi za Magari: Chanzo Chake na Tiba Zake

Ni nadra kuona gari lililotumika miaka mingi katika nchi zetu ambalo plastiki zake nyeusi zingali nyeusi. Bampa, kingo za madigadi, vishikio vya milango, maganda ya vioo vya pembeni na kile kipande cha chini ya kioo cha mbele zinapofungwa waipa, vyote huanza vikiwa vyeusi kama makaa, kisha pole pole hugeuka rangi ya majivu. Wenye magari husema kwamba plastiki imepauka, neno lile lile litumikalo kwa ngozi ya mtu isiyopakwa mafuta. Na tiba ya kwanza inayomjia kila mtu akilini ni ile ile ya ngozi, yaani mafuta.

Kwa sababu hiyo wenye magari wengi hupaka mafuta ya mgando, mafuta ya kupikia, dawa ya viatu, na hata oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini. Wengine hununua dawa za chupa zinazoahidi kurudisha upya wa plastiki. Gari hung'aa siku ile ile, na baada ya majuma machache, au mvua mbili tatu, weupe hurudi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini plastiki hupauka, kwa nini mafuta huificha hali hiyo kwa muda tu, na ni kwa kipimo gani tiba yoyote ya namna hii yafaa ihukumiwe. Elimu inayohitajika ni ile ya kidato cha tatu na cha nne: nuru, kemia ya kaboni, na athari za joto.

Rangi haikwenda popote

Na tuanze kwa jaribio dogo lisilogharimu hata senti moja. Osha kwa sabuni sehemu ya bampa lililopauka, uiache ikauke kabisa, kisha pitisha juu yake kitambaa kilicholowa maji safi. Papo hapo plastiki huwa nyeusi. Maji yakikauka, weupe hurudi kama ulivyokuwa.

Maji hayana rangi. Kwa hiyo weusi ulioonekana haukutoka katika maji, bali ulikuwamo ndani ya plastiki muda wote. Hivyo dhana ya kwamba jua limeinyonya rangi ya plastiki haina msingi. Weusi huo hutokana na kaboni nyeusi, ambayo ni masizi yatengenezwayo kiwandani kwa kuunguza mafuta mazito au gesi penye hewa haba. Chembe za kaboni hiyo ni ndogo mno: kipenyo chake ni makumi ya nanometa tu, na nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Rangi nyingi za nguo huvunjwa na mwanga wa jua, lakini kaboni haivunjwi. Maandishi ya kale yaliyoandikwa kwa wino wa masizi yangali meusi baada ya karne nyingi.

Ikiwa rangi ingalimo, weupe unatoka wapi? Jibu limo katika somo la nuru. Nuru inapovuka mpaka kati ya hewa na plastiki, sehemu yake ndogo huakisiwa na iliyobaki huingia ndani. Kiasi kinachoakisiwa hutegemea tofauti ya vipimo vya mpindo wa nuru vya vitu hivyo viwili. Kipimo cha hewa ni 1.00, cha maji ni 1.33, cha mafuta mengi ya kupikia ni karibu 1.47, na cha polipropilini, ambayo ndiyo plastiki inayotumika zaidi katika sehemu hizi, ni karibu 1.49. Nuru inapoangukia uso moja kwa moja, kanuni yake ni hii: toa kipimo kidogo kutoka kikubwa, gawanya jibu kwa jumla ya vipimo viwili, kisha zidisha jibu hilo kwa lenyewe. Kwa mpaka wa hewa na plastiki tunapata karibu asilimia 4.

Uso wa plastiki mpya ni mzima. Mpaka ni mmoja, asilimia 4 ya nuru huakisiwa, na iliyosalia huingia ndani na kufyonzwa na kaboni. Jicho huona weusi. Uso uliochakaa umejaa nyufa, vishimo na unga uliolegea, vyote vidogo visivyoonekana kwa macho. Nuru hukutana na mpaka wa hewa na plastiki si mara moja bali mara nyingi, na kila mara sehemu yake hurudishwa na kutawanywa pande zote kabla haijaifikia kaboni. Jicho huona weupe. Ndivyo kioo kikisagwa kinavyokuwa unga mweupe ingawa kioo chenyewe hakina rangi.

Maji yakijaza vishimo, mpaka unakuwa wa maji na plastiki, na kwa kanuni ile ile kiasi kinachoakisiwa hushuka hadi chini ya nusu ya asilimia moja. Kwa mafuta hushuka zaidi, kikawa kama hakuna. Hapa ndipo ilipo siri yote ya mafuta: hayarudishi rangi, wala hayatengenezi kitu, bali hujaza vishimo ili nuru ipite. Hufanya kazi ile ile ya maji, ila hayakauki upesi. Kwa sababu hiyo pia mchanga wa pwani uliolowa huonekana mweusi kuliko mkavu, na ngozi iliyopauka hurudi rangi yake ikipakwa mafuta.

Plastiki yenyewe ni kitu gani

Zamani bampa la gari lilikuwa aghalabu la chuma kilichopakwa kromiamu. Mabadiliko yalianzia katika maabara. Mwaka 1953 Karl Ziegler wa Ujerumani alivumbua vichocheo vilivyowezesha molekuli za ethilini kuunganishwa kuwa minyororo mirefu bila shinikizo kubwa la gesi. Mwaka 1954 Giulio Natta, katika mji wa Milano nchini Italia, alitumia vichocheo vya namna hiyo kwa gesi ya propilini, akapata polipropilini yenye mpangilio mzuri, ngumu na isiyoyeyuka upesi. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1963. Kabla ya hapo, mwaka 1957, viwanda vya Italia vilikuwa vimekwisha kuanza kuitengeneza kwa wingi.

Gari la Renault 5, lililotolewa Ufaransa mwaka 1972, ni miongoni mwa magari ya kwanza yaliyouzwa kwa wingi yakiwa na mabampa ya plastiki. Plastiki ile haikuwa polipropilini, lakini njia ilikuwa imefunguliwa. Baadaye watengenezaji wengi waliichagua polipropilini iliyochanganywa na mpira, kwa sababu ni rahisi, haipati kutu, na ni nyepesi. Sentimita moja ya ujazo wa polipropilini ina uzito wa gramu 0.9 hivi, hali ya chuma cha pua ni gramu 7.85, yaani zaidi ya mara 8.

Wanafunzi wanaweza kuyahakikisha haya wenyewe. Nyuma ya vipande vingi vya plastiki za gari kumepigwa chapa ya herufi, kwa mfano PP+EPDM-T20. Herufi PP ni polipropilini. EPDM ni aina ya mpira uliochanganywa ili kipande kisivunjike kikigongwa. Na T20 maana yake ni kwamba asilimia 20 ya uzito ni talki, lile jiwe laini ambalo unga wake hutiwa katika poda ya kujipaka mwilini. Talki ni nyeupe. Plastiki iliyoizunguka ikimomonyoka, talki hubaki wazi juu ya uso na kuuongezea weupe.

Jinsi jua linavyoikata minyororo

Nuru husafiri kwa mafungu madogo ya nishati yaitwayo fotoni, na kadiri urefu wa wimbi unavyokuwa mfupi ndivyo fungu linavyokuwa na nguvu zaidi. Ili kupata nishati ya moli moja ya fotoni kwa kilojuli, gawanya 119,600 kwa urefu wa wimbi kwa nanometa. Kwa nuru nyekundu ya nanometa 700 tunapata kilojuli 171 hivi. Kwa urujuani wa nanometa 400, kilojuli 299. Na kwa miali ya urujuanimno ya nanometa 300, kilojuli 399. Kifungo cha kaboni na kaboni huhitaji takriban kilojuli 347 kwa moli ili kivunjike. Kwa hiyo nuru tuionayo haina nguvu ya kukikata, bali urujuanimno wenye mawimbi mafupi kuliko nanometa 345 unayo. Tabaka la ozoni huzuia miali iliyo mifupi kuliko nanometa 290 hivi. Iliyo kati ya hapo na 400 hutufikia, nayo ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua ifikayo ardhini.

Hata hivyo kuwa na nguvu hakutoshi, maana ni lazima nuru ifyonzwe ndipo ifanye kazi. Polipropilini safi kabisa haifyonzi miali hii kwa kiasi kikubwa. Uharibifu huanzia kwenye dosari: mabaki ya vichocheo, na sehemu zilizokwisha kuguswa na oksijeni plastiki ilipokuwa ikiyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Dosari hizo hufyonza miali, na hapo huzaliwa radikali huru, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni moja isiyo na mwenzake na kwa hiyo chenye hamu kubwa ya kushikana na kingine.

Oksijeni ya hewani huidaka radikali hiyo mara moja, ikatokea radikali ya peroksidi. Hii nayo humnyang'anya jirani yake atomu ya haidrojeni, ikatulia, lakini jirani ndiye anayegeuka radikali. Polipropilini ni dhaifu hasa kwa wizi huu, kwa kuwa kila kaboni ya pili ya mnyororo wake imebeba tawi la methili, na haidrojeni iliyo kwenye kaboni hiyo haikushikwa kwa nguvu kama zile nyingine. Peroksidi iliyobaki ina kifungo cha oksijeni na oksijeni, ambacho huvunjika kwa takriban kilojuli 150 tu, kikazaa radikali mbili mpya. Hivyo mmoja huzaa wawili, na wawili wanne, kama moto wa nyika. Mfuatano huu ulielezwa na J. L. Bolland na Geoffrey Gee mwaka 1946 nchini Uingereza, walipochunguza jinsi mpira unavyoharibika, na umekuwa msingi wa elimu ya uchakavu wa plastiki tangu hapo.

Kila hatua chache mnyororo mmoja hukatika. Minyororo mirefu ndiyo inayoipa plastiki unyumbufu wake. Ikiwa mifupi, uso hukakamaa, hujikunja, hupasuka nyufa ndogo, na mwishoni hugeuka unga. Pitisha kitambaa cheusi kikavu juu ya bampa lililopauka sana, nawe utauona unga huo kama vumbi la chaki. Twaweza kusema kwamba ni kutu ya plastiki, kwa kuwa oksijeni ndiyo mlaji katika hali zote mbili.

Joto huuharakisha mwendo huu. Kama ilivyo kwa athari nyingi za kikemia, kasi hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za sentigredi, na plastiki nyeusi iliyoachwa juani huweza kupita nyuzi 60. Mahali nako kuna uzito. Watengenezaji wa magari na rangi hupeleka sampuli zao Florida na Arizona nchini Marekani zikachakazwe na jua, ya kwanza kwa joto lenye unyevu na ya pili kwa joto kavu. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna jua la utosini karibu mwaka mzima, na kipimo cha urujuanimno mchana mara nyingi hufikia 11 au zaidi, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita cha kupindukia. Tena miali hiyo huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo. Ndiyo kusema gari la Mbeya au Nairobi, ingawa lina ubaridi, hupigwa na urujuanimno mwingi kuliko la Dar es Salaam au Mombasa, ambalo kwa upande wake hupata joto zaidi. Magari mengi yanayoletwa kwetu yakiwa yametumika Japani yamekwisha kukaa miaka kadhaa chini ya jua linalofifia kila majira ya baridi. Yakifika huku, jua halififii.

Kinga zilizomo na mwisho wake

Watengenezaji hawakuiacha plastiki bila ulinzi. Mlinzi wa kwanza ni kaboni nyeusi yenyewe. Haikutiwa kwa ajili ya urembo peke yake. Huzifyonza fotoni za urujuanimno na kuzigeuza joto kabla hazijapenya ndani. Katika mabomba meusi ya maji ya polithini, kaboni ya asilimia 2 hadi 2.5 iliyochanganywa vizuri huwezesha bomba kustahimili jua kwa miaka mingi. Palipo na kaboni chache, au iliyogandamana mafungumafungu, miali hupenya zaidi.

Mlinzi wa pili ni viungo vya jamii ya amini vilivyoanza kutumika katika miaka ya 1970. Kazi yake si kuzuia nuru, bali kuzikamata radikali, na baada ya kuikamata moja kiungo hicho hurudi katika hali ya kuweza kukamata nyingine. Kwa hiyo kiasi kidogo, chini ya asilimia moja, hulinda kwa miaka. Lakini vinga'ng'anie vipi, hupungua pole pole hadi vikaisha kwenye uso. Plastiki ikipauka, ni ishara kwamba walinzi wa tabaka la juu wamekwisha. Hakuna kitambaa wala mafuta yanayoweza kuwarudisha.

Habari njema ni kwamba uharibifu hauendi kina kirefu. Kaboni huzuia miali, na oksijeni hupenya kwa taabu, hivyo tabaka lililokufa ni sehemu ndogo tu ya milimita, na chini yake plastiki ni nzima. Ushahidi hupatikana kwa urahisi: fungua kibao cha namba za gari lililopauka, utakuta nyuma yake bampa lingali jeusi, ingawa umri ni mmoja na hewa ni moja. Kilichokosekana pale ni jua tu.

Tiba na hukumu yake

Sasa tunaweza kuzihukumu tiba. Kila moja iulizwe maswali matatu. Je, hujaza vishimo tu? Je, huondoa au kuunganisha upya tabaka lililokufa? Je, huzuia miali isiendelee kukata?

Mafuta ya kupikia na mafuta ya mgando hujibu ndiyo kwa swali la kwanza peke yake. Huteleza yakaoshwa na sabuni, na kabla ya hapo hunasa vumbi. Mafuta yatokanayo na petroli, pamoja na mafuta ya taa na dizeli, yana ubaya zaidi: mpira wa EPDM uliomo ndani ya plastiki hauyavumilii, bali huyanywa na kuvimba. Oili chafu isitumike kabisa. Pamoja na kuharibu mpira, oili iliyokwisha kufanya kazi katika injini hujikusanyia viambata vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi kwa mtu anayeishika siku kwa siku bila glavu, na mvua ikinyesha huchukuliwa hadi kwenye udongo na maji. Kijana aoshaye magari kwa ujira mdogo ndiye anayelipia mng'ao huo.

Dawa za silikoni ni bora kidogo. Uti wa molekuli zake ni silikoni na oksijeni, ambazo kifungo chake huhitaji takriban kilojuli 450, zaidi ya nishati ya fotoni ya nanometa 300. Kwa hiyo jua halizivunji kwa urahisi. Lakini zilizo za majimaji hazishikamani na plastiki, na baada ya kuoshwa mara kadhaa huondoka. Zikirukia mwili wa gari, fundi wa rangi atapata taabu, maana rangi mpya hukimbia pale penye silikoni na kuacha vitobo.

Njia nyingine ni hewa ya moto. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Chombo cha kupuliza hewa ya moto kikipitishwa juu ya uso kwa mwendo usiosita, tabaka la juu huyeyuka kidogo, nyufa huziba, na weusi hurudi bila kupaka chochote. Watu hustaajabu sana kuona hivyo. Hata hivyo minyororo iliyokatika haikuungana, na walinzi hawakurudi. Uso umelainishwa tu, nao utapauka tena, huenda upesi kuliko mara ya kwanza. Pia ni rahisi kupinda kipande, kuunguza rangi ya jirani, au kuwasha moto. Isifanywe na wanafunzi.

Ziko dawa zinazokauka na kuwa ngozi ngumu juu ya plastiki. Baadhi zina mafuta ya kitani, ambayo hukauka kwa kushikana na oksijeni, kwa athari ya ukoo ule ule wa radikali tuliyoieleza, ila hapa minyororo huunganishwa badala ya kukatwa. Hudumu kuliko mafuta yasiyokauka. Tahadhari yake ni kubwa: athari hiyo hutoa joto, na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe ndani ya chombo cha chuma chenye maji.

Tiba inayojibu ndiyo kwa maswali yote matatu ni kuondoa unga, kisha kupaka rangi nyeusi ya plastiki. Uso huoshwa kwa sabuni, husuguliwa kwa msasa laini hadi unga uishe, huoshwa tena, hukaushwa, hupakwa praima maalumu ya plastiki, na mwisho rangi. Praima hiyo haiwezi kurukwa. Rangi ya kawaida haishiki polipropilini, kama vile maji yasivyotulia juu ya jani la mgomba, na ikipakwa bila praima itabanduka kama ganda. Rangi yenye kaboni huwa mwavuli mpya: miali huishia kwenye rangi badala ya plastiki. Hasara yake ni gharama, na kwamba zile chembechembe za urembo zilizochongwa juu ya plastiki hupungua kuonekana.

Kinga hushinda tiba zote. Gari likiegeshwa chini ya mwembe au paa la makuti, nishati ya fotoni haina habari nalo. Asiye na kivuli aligeuze gari mara kwa mara, ili upande mmoja usipigwe na jua la alasiri kila siku.

Mnunuzi wa gari lililotumika naye apate faida ya elimu hii. Plastiki inayong'aa si ushahidi wa gari kukaa kivulini. Kitambaa chenye maji ya sabuni kikipitishwa mara mbili tatu, kisha mahali pale pakaachwa pakauke, kitasema kweli.

Kupauka kama onyo

Kwenye bampa lenye unene wa milimita 3, tabaka lililokufa ni sehemu ndogo, na hasara yake zaidi ni ya sura, ingawa nyufa za juu huweza kuwa mwanzo wa kupasuka bampa likigongwa. Lakini plastiki ile ile imo katika vitu vingine. Uzi wa kiroba cha polipropilini ni mwembamba kuliko sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwake hakuna ndani wala nje, wote ni uso. Ndiyo maana kiroba kilichoachwa juani hubomoka mkononi. Kamba ya kuvutia ndoo kisimani na kamba ya mvuvi, kila uzi wake ni mwembamba vivyo hivyo. Kiti cheupe cha plastiki hakina kaboni ya kukikinga, nacho huweza kuvunjika ghafla chini ya mtu. Katika vitu hivi kupauka na kutoa unga ni onyo la hatari, na anayevipaka mafuta ving'ae anaficha onyo hilo.

Jaribio kwa ajili ya vilabu vya sayansi

Mwalimu akate vipande 40 vya kiroba cheupe kipya, vyote vya upana wa sentimita 2, kwa mwelekeo mmoja wa nyuzi. Vipande 10 vitundikwe juani. 10 juani nyuma ya kioo cha dirisha. 10 juani vikiwa vimefungwa kwa karatasi ya alumini. Na 10 viwekwe kabatini. Kila baada ya majuma mawili, chukua kipande kimoja kutoka kila kundi, kitundike, na uongeze mzigo pole pole, kwa mfano chupa yenye maji yaliyopimwa, hadi kikatike. Andika uzito, kisha chora mstari wa uzito dhidi ya muda kwa kila kundi.

Wanafunzi wajadili matokeo kwa uangalifu. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno wa mawimbi mafupi, lakini hupitisha mwingi ulio mrefu zaidi, pamoja na joto. Alumini huzuia nuru, lakini pia hupunguza joto. Je, makundi hayo yanatosha kutenganisha kazi ya nuru na kazi ya joto? Kama hayatoshi, ni kundi gani la tano lingehitajika? Aidha, wapake dawa mbalimbali kwenye sehemu za bampa kuukuu kutoka gereji, waziandike tarehe, na kuhesabu siku hadi weupe urudi. Mwisho wa mhula kila kikundi kieleze, mbele ya darasa, ni dawa ipi iliyojaza vishimo tu na ni ipi iliyozuia jua, na kwa ushahidi upi.